Joto kali, dawa na mapigo ya moyo: mambo ya kuangalia kwa mtu unayemtunza

Chukua mfano wa nyumba moja ya bati Mbagala, Dar es Salaam, mchana wa mwezi Februari. Nje ni nyuzijoto 32, upepo hakuna, na ndani joto ni kali kuliko nje. Bibi amejilaza mkekani tangu asubuhi. Anasema miguu haina nguvu, na kila akisimama anaona kiza. Mjukuu wake wa miaka 4, mwenye pumu, amevuta dawa yake muda si mrefu na moyo wake unadunda hadi unaonekana kifuani. Mama wa nyumba ananyonyesha mtoto wa miezi 3, na leo hata ndoo ya maji inamshinda kunyanyua.

Jirani anasema ni malaria. Bibi anasema ni vidonge vya presha: "Vinanichosha, mwanangu. Leo simezi." Mama hajui amsikilize nani.

Kila mmoja anaweza kuwa na sehemu ya ukweli. Joto huchosha. Baadhi ya dawa huongeza uchovu huo. Na malaria haiendi likizo wakati wa joto. Makala haya yanaeleza jinsi joto na dawa vinavyogusa mapigo ya moyo na nguvu za mwili, namna ya kuhesabu mapigo nyumbani, wakati gani inatosha kumpumzisha mgonjwa kivulini, na wakati gani ni wa kwenda hospitali bila kuchelewa. Jambo moja tulitangulize: usimwachishe mtu dawa kwa sababu ya joto kabla hujaongea na mhudumu wa afya.

Wakati wa joto moyo hufanya kazi ya ziada

Mwili hujitahidi kubaki kwenye nyuzijoto 37 hivi. Joto likizidi, hutumia njia mbili kuu za kujipoza. Ya kwanza ni kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili joto litoke nje. Mishipa ya damu hutanuka, ndiyo maana siku za joto mishipa ya mikononi huonekana imetuna. Njia ya pili ni jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto.

Njia zote mbili zinaugharimu mwili. Mishipa ikitanuka, presha hushuka, hivyo moyo hupiga haraka zaidi ili damu iendelee kufika kichwani na kwenye figo. Jasho nalo huchukua maji na chumvi. Maji yakipungua, damu inayozunguka mwilini hupungua pia, na moyo huongeza kasi tena. Kwa hiyo mtu aliyekaa tu anaweza kuhisi moyo unakwenda mbio na mwili umelegea. Si uvivu wala si kudeka. Moyo wake unafanya kazi hata akiwa amelala.

Pwani kuna shida nyingine. Kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa hubeba unyevu mwingi. Jasho linatiririka lakini halikauki, hivyo mtu anapoteza maji bila kupoa. Sehemu zenye hewa kavu, kama Dodoma, jasho hukauka upesi kiasi kwamba mtu hajui amepoteza maji mengi. Kote kuwili hatari ipo, ila pwani unaiona kwenye nguo na bara kavu huioni.

Jifunze kuhesabu mapigo kabla ya siku mbaya

Huhitaji kifaa. Unahitaji vidole viwili na saa, au simu yenye kuonyesha sekunde.

1. Mpumzishe mtu kwa dakika 5, akiwa amekaa au amelala.
2. Weka ncha za kidole cha pili na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba lako, kwa sababu nalo lina mapigo yake na unaweza kuhesabu ya kwako.
3. Kwa mtoto mchanga, tafuta mapigo upande wa ndani wa mkono, kati ya bega na kiwiko.
4. Hesabu kwa dakika 1 nzima. Sikiliza pia kama mapigo yanafuatana sawasawa au yanarukaruka.

Mtu akiwa ametulia, na mtoto akiwa halii, mapigo kwa dakika huwa takribani hivi:

- Mtoto wa chini ya mwaka 1: 100 hadi 160
- Mtoto wa mwaka 1 hadi 3: 90 hadi 150
- Mtoto wa miaka 4 hadi 5: 80 hadi 140
- Mtoto wa miaka 6 hadi 12: 70 hadi 120
- Mkubwa: 60 hadi 100

Mama mjamzito huwa na mapigo yaliyozidi kawaida yake kwa 10 hadi 20, hata bila joto. Mtu mwenye upungufu wa damu, akiwemo mwenye selimundu, naye mara nyingi mapigo yake huwa juu.

Kilicho muhimu kuliko jedwali lolote ni kuijua kawaida ya mtu wako. Hesabu asubuhi kwa siku tatu, kabla hajafanya kazi, na uandike kwenye daftari au nyuma ya kadi ya kliniki. Bibi ambaye kila siku ana mapigo 58 kwa sababu ya dawa zake, siku akiwa na 95 ana mabadiliko makubwa, ingawa 95 bado ni kawaida kwa mtu mwingine.

Dawa zinazohitaji jicho la karibu wakati wa joto

Dawa hizi ni nzuri na zinaokoa maisha. Tunazitaja ili ujue pa kuangalia. Majina tumeyaandika kama yanavyosomeka kwenye boksi.

*Dawa za presha na moyo zinazopunguza kasi ya mapigo.* Mfano ni atenolol, propranolol, bisoprolol na carvedilol. Huufanya moyo upige taratibu. Wakati wa joto, moyo unapotaka kuongeza kasi ili kuupoza mwili, dawa hizi huuzuia. Matokeo yake ni uchovu, kizunguzungu na miguu mizito.

Hapa kuna jambo ambalo walezi wengi hawaambiwi: kwa mtu anayetumia dawa hizi, mapigo yaliyotulia si ushahidi kwamba yuko salama. Mwili wake unaweza kuwa umeishiwa maji na joto limepanda, lakini mapigo yakabaki 60 au 65. Kwa mtu kama huyo usitegemee mapigo peke yake. Angalia anavyozungumza, anavyosimama, na rangi ya mkojo wake.

*Dawa zinazoongeza kukojoa.* Mfano ni furosemide, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix, na hydrochlorothiazide, ambayo mara nyingi imechanganywa ndani ya kidonge kimoja na dawa nyingine ya presha. Hutoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo. Jasho nalo linatoa. Mtu huyo hupoteza maji kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na mapigo yanaweza kwenda mbio au kuanza kurukaruka.

*Dawa nyingine za presha.* Captopril, enalapril, lisinopril na losartan zinaweza kuishusha presha kupita kiasi na kuichosha figo mwili ukipungukiwa maji. Amlodipine na nifedipine hutanua mishipa, na joto nalo linatanua, hivyo mtu anaweza kuvimba miguu jioni na kuona kizunguzungu akiinuka.

*Digoxin.* Hupewa baadhi ya wagonjwa wa moyo. Mwili ukipungukiwa maji, dawa hii inaweza kuzidi kwenye damu. Mapigo yakishuka chini ya kawaida ya mgonjwa, akawa na kichefuchefu, akakataa chakula, au akasema anaona ukungu au rangi ya njano, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

*Dawa za kisukari.* Joto hutanua mishipa ya ngozi, na insulini iliyodungwa chini ya ngozi huingia kwenye damu haraka zaidi. Sukari inaweza kushuka ghafla. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa, na hizi hufanana sana na dalili za kuzidiwa na joto. Ukiwa na mashine, pima sukari. Kama huna, na mgonjwa anaweza kumeza vizuri, mpe maji yenye sukari au soda ya kawaida, kisha tafuta msaada. Wanaotumia metformin nao wasiachwe wakaishiwa maji, hasa wakiwa wanaharisha au wanatapika.

*Dawa ya pumu ya kuvuta.* Salbutamol huongeza mapigo na kutetemesha mikono kwa muda mfupi. Kwa mjukuu wa mfano wetu, moyo kudunda baada ya kuvuta dawa ni jambo linalotarajiwa, na hutulia. Usimnyime dawa kwa kuogopa mapigo. Ila kama bado anahema kwa shida, anavuta mbavu ndani, au anahitaji dawa tena baada ya muda mfupi, tatizo ni pumu yenyewe na anahitaji hospitali.

*Dawa za magonjwa ya akili na kifafa.* Chlorpromazine, haloperidol na olanzapine zinaweza kuvuruga uwezo wa mwili kujipoza. Trihexyphenidyl, inayojulikana zaidi kama Artane, na topiramate ya kifafa hupunguza jasho. Mtu anaweza kuwa wa moto na mkavu, tena asilalamike, kwa sababu dawa nyingine hupunguza hata hisia ya kiu. Anayetumia lithium akiishiwa maji, dawa inaweza kugeuka sumu mwilini. Watu hawa mara nyingi hushinda juani, na majirani hudhani ni ugonjwa wa akili tu umezidi. Wakumbushe kunywa maji na uwatafutie kivuli.

*Dawa za dukani.* Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama chlorpheniramine na promethazine, hupunguza jasho. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac zinaweza kuumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji, hasa akiwa tayari anatumia dawa za presha. Kabla ya kununua, mwambie muuza dawa ni dawa gani nyingine mgonjwa anatumia.

Pia kuna vitu visivyoitwa dawa lakini vinaukimbiza moyo: vinywaji vya kuongeza nguvu, kahawa nyingi na miraa. Siku ya joto havileti nguvu. Hukopa tu nguvu za kesho.

Watoto wadogo na mama anayenyonyesha

Mtoto mchanga hupata joto upesi kuliko mkubwa na hawezi kusema. Tunapenda kumvisha kofia, soksi na shali hata mwezi wa pili, tukiogopa baridi ya kifua. Siku ya joto, nguo moja nyepesi inamtosha. Usimpime joto kwa kugusa mikono au miguu, mguse kifuani au nyuma ya shingo. Pakiwa pa moto na pana jasho, mpunguzie nguo. Ukimbeba mgongoni, usimfunike kichwa chote kwa kanga, na ukipumzika mshushe ili wote wawili mpoe.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya hahitaji maji, hata kwenye joto kali. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, usiku na mchana. Anayehitaji kuongezewa maji ni wewe mama. Weka kikombe pembeni kila unapokaa kunyonyesha.

Angalia nepi au nguo zake. Mtoto anayekojoa mara chache kuliko kawaida, mdomo mkavu, analia bila machozi, utosi umebonyea, au amelegea na hataki kunyonya, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwa mtoto mwenye selimundu, kuishiwa maji kunaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa. Aende shule na chupa yake ya maji, na mwalimu ajue kwamba anaruhusiwa kunywa na kwenda chooni bila kuomba mara mbili.

Homa au joto la hewa?

Swali la jirani kuhusu malaria si la kupuuza. Homa husukumwa na ugonjwa kutoka ndani, na mapigo ya mtoto yanaweza kuongezeka kwa kama 10 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda. Kuzidiwa na joto la hewa ni tofauti: mwili umeshindwa kujipoza. Paracetamol inaweza kushusha homa, lakini haisaidii mtu aliyezidiwa na joto la hewa. Anayehitajika hapo ni kivuli, maji na upepo.

Kama mtu amepumzika mahali pa baridi, amekunywa maji, na bado mwili ni wa moto, mpeleke akapimwe malaria na magonjwa mengine. Usimpe dawa ya malaria kwa kukisia.

Mambo ya kufanya kila siku msimu wa joto

*Maji kwa ratiba.* Wazee husikia kiu kwa kuchelewa. Shirika la Afya Duniani linashauri kikombe kimoja kila saa, na angalau lita 2 hadi 3 kwa siku kwa mtu mkubwa wakati wa joto kali. Ila mgonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiasi cha maji asiongezewe bila kumuuliza daktari wake. Mkojo wa rangi hafifu ni dalili nzuri. Mkojo mchache wenye rangi ya chai unaonyesha maji hayatoshi.

*Chagua kinywaji kwa kuangalia dawa.* Maji ya kawaida yanawafaa karibu wote. ORS ni dawa ya anayeharisha au kutapika, na pakiti huchanganywa kama maelezo yake yanavyosema, kwa kawaida kwenye lita 1 ya maji salama. Ina chumvi, hivyo isiwe kinywaji cha kila siku cha mwenye presha. Madafu ni mazuri kwa wengi, lakini yana potasiamu nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia captopril, enalapril, lisinopril, losartan au spironolactone, aulize kwanza kabla ya kunywa kwa wingi.

*Poza mwili.* Loweka kanga, ikamue, na umtandike shingoni au mabegani. Fungua madirisha jioni na alfajiri, na funga mapazia upande wa jua mchana. Feni husaidia zaidi ngozi ikiwa na unyevu, lakini chumba kikifikia nyuzijoto 40 feni hupuliza hewa ya moto tu. Saa za mchana, kivuli cha mwembe mara nyingi ni bora kuliko chumba cha bati.

*Kuinuka kwa hatua.* Anayetumia dawa za presha asikurupuke kitandani. Akae kwanza ukingoni dakika moja, achezeshe miguu, kisha asimame akiwa ameshika kitu. Wazee wengi huvunjika nyonga kwa kuanguka wakienda chooni usiku.

*Kazi nzito asubuhi.* Kuteka maji, kufua na kwenda sokoni kufanyike kabla jua halijapanda.

*Tunza dawa zenyewe.* Boksi nyingi zimeandikwa dawa ihifadhiwe chini ya nyuzijoto 25 au 30. Usiweke dawa dirishani, juu ya friji, jikoni wala ndani ya gari. Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye friji bila kugandishwa, na iliyoganda itupwe. Kama hakuna friji, iweke kwenye mfuko usioingiza maji, ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, na kati yake mchanga ulioloweshwa, mahali penye kivuli na upepo. Insulini iliyopata joto sana hupoteza nguvu, na sukari itapanda ingawa mgonjwa anadunga kila siku.

*Mwezi wa Ramadhani.* Miaka hii mfungo unaangukia msimu wa joto la pwani. Mwenye kisukari, presha, ugonjwa wa moyo au figo, na mama mjamzito au anayenyonyesha, aonane na mhudumu wa afya wiki kadhaa kabla ili saa za dawa zipangwe upya. Asihamishe mwenyewe dawa ya kukojoa au insulini. Kwa mgonjwa, dini imetoa ruhusa ya kufungua. Kama bibi anaona haya kufungua, mwombe sheikh anayemwamini azungumze naye.

Kwa nini usiache dawa mwenyewe

Rudi kwa bibi yetu. Vidonge vyake vinaweza kweli kumchosha zaidi wakati wa joto, na malalamiko yake yanastahili kusikilizwa. Lakini akiacha atenolol ghafla, mapigo na presha vinaweza kupanda kwa kasi na kumletea maumivu ya kifua au hata shambulio la moyo. Akiacha dawa ya maji huku moyo wake ni dhaifu, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu.

Kuna njia nyingine. Kwa watu wengi presha hushuka kidogo msimu wa joto, na daktari anaweza kupunguza dozi kwa miezi hiyo au kubadili saa ya kumeza. Ili aweze kuamua, anahitaji taarifa zako. Chukua dawa zote zikiwa kwenye boksi zake, daftari la mapigo, na vipimo vya presha kama unavyo. Ukifika unaweza kusema: "Shikamoo daktari. Mama mkwe anatumia dawa hizi tatu. Tangu joto lianze anaona kizunguzungu akisimama, na mapigo yake yametoka 60 yamefika 90. Hajaacha dawa. Je, dozi ibaki hii hii? Anywe maji kiasi gani? Siku akitapika, ameze au aruke?"

Swali la mwisho ni la muhimu sana. Kutapika na kuharisha siku ya joto humaliza maji haraka, na baadhi ya dawa za presha, za kukojoa na za kisukari huenda zikahitaji kusimamishwa kwa muda. Anayepaswa kusema zipi na kwa siku ngapi ni mhudumu wa afya, si jirani. Pata jibu hilo mapema, uliandike.

Dalili za kuchoka na joto

Jasho jingi, kiu, kichwa kuuma, misuli kukaza, kichefuchefu, kizunguzungu, mapigo ya haraka na udhaifu. Mtu bado anaongea vizuri na anakujua.

Mpeleke kivulini. Mlaze, mwinulie miguu kidogo. Mlegeze nguo. Mloweshe ngozi na mpepee. Mpe maji kidogo kidogo. Hesabu mapigo sasa, na tena baada ya nusu saa. Yakirudi kuelekea kawaida yake na akapata nguvu, apumzike siku hiyo nzima. Kama nusu saa imepita na hajapata nafuu, au mkubwa bado ana mapigo zaidi ya 100 ambayo si kawaida yake, mpeleke kituo cha afya.

Hii ni dharura: nenda hospitali sasa

- Amechanganyikiwa, anaongea maneno yasiyoeleweka, au haamki vizuri
- Amezimia au amepata degedege
- Mwili ni wa moto sana, au kipimajoto kinaonyesha nyuzijoto 40 au zaidi, awe ana jasho au ni mkavu
- Maumivu ya kifua au kuhema kwa shida
- Mkubwa mwenye mapigo zaidi ya 120 akiwa amepumzika, au chini ya 50 huku ana kizunguzungu
- Mapigo yanayorukaruka ambayo hakuwa nayo
- Hajakojoa kwa saa 8 au zaidi
- Mjamzito mwenye kichwa kuuma sana, kuona marue, kutokwa damu, au mtoto aliyepunguza kucheza tumboni

Mwili unaposhindwa kabisa kujipoza, hali hiyo huitwa kiharusi cha joto, na inaweza kuua ndani ya saa chache. Usingoje gari ndipo uanze kumpoza. Mmwagie maji mwilini, mpepee kwa nguvu, weka vitambaa vilivyoloweshwa shingoni, makwapani na kwenye kinena. Endelea hata njiani. Kama amezimia, mlaze ubavu na usimpe chochote mdomoni.

Kurudi Mbagala

Katika nyumba ya mfano wetu, mama hakuhitaji kuchagua kati ya jirani na bibi. Anamhamishia bibi chini ya mti, anamtandika kanga iliyoloweshwa, anampa maji, anahesabu mapigo na kuyaandika. Vidonge havitupi wala hamlazimishi kwa ugomvi. Anampigia mhudumu wa afya au anampeleka bibi kliniki mchana huo huo na boksi za dawa mkononi, na wakifika anaomba apimwe presha na malaria pia. Kabla ya kutoka anamwangalia mjukuu anavyohema: anahema vizuri na mapigo yanatulia, basi dawa imefanya kazi yake. Mchanga anavuliwa soksi na kunyonyeshwa. Na mama mwenyewe anakunywa vikombe viwili vya maji kabla ya kushika ndoo, kwa sababu mlezi akianguka, nyumba nzima inakosa wa kuhesabu.